Milingoti minne na ufunguo wa geti: kisa cha taa za uwanja wa shule Nakuru

Saa moja na robo jioni, uwanja wa shule ninaouzungumzia huangazwa na pikipiki. Vijana wa boda boda huzipanga nne au tano nyuma ya goli, taa zikielekea eneo la penalti, na mpira huchezwa ndani ya kipande hicho tu mpaka mwenye pikipiki aitwe na abiria. Akiondoka mmoja, kona moja inaingia giza. Kipa anapiga kelele, mchezo unasimama, pikipiki zilizobaki zinapangwa upya, kisha wanaendelea. Ni kiwanja cha vumbi, katika mji ambao hata jina lake, kwa Kimaasai, linatokana na vumbi, na kwenye ule mwanga vumbi hilo huonekana kama moshi wa jikoni.

Shule yenyewe ni sekondari ya umma ya kutwa, ya wavulana na wasichana, katika wadi moja ya magharibi mwa jiji la Nakuru. Siitaji jina wala siwataji watu, kwa kuwa mambo bado yanaendelea na wote ni majirani zangu. Uwanja huo ndio ardhi tambarare pekee iliyosalia kwetu. Kwingine kote ni ploti zilizojengwa hadi ukingoni mwa barabara. Uwanja wa Afraha uko katikati ya mji na ni wa mechi kubwa. Kijana wa mtaani anayetaka kupiga mpira baada ya kazi hana pengine pa kwenda.

Pendekezo lilitufikia mwezi wa Februari, kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu mkakati wa fedha wa kaunti. Katika jedwali la wadi yetu kulikuwa na mstari mmoja: taa za uwanja wa shule, milingoti minne, na mbele yake jumla moja ya mamilioni ya shilingi. Hakukuwa na mchanganuo wowote. Msimamizi wa wadi aliniomba niandike kumbukumbu za kikao, pengine kwa sababu niliwahi kuwa mwalimu wa michezo katika shule nyingine na anajua nina subira na kalamu. Haya ninayoyasimulia yametoka kwenye daftari hilo, na katika majuma ya kutembea huku na huko yaliyofuata.

Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwa swali moja: taa au madawati? Mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na geti la shule ndiye aliyelianzisha. "Watoto wetu wanakaa watatu dawati moja," alisema, "halafu nyinyi mnataka kuwashia nyasi stima." Ukumbi ukampigia makofi. Kijana wa boda boda akasimama akamjibu kwa heshima: "Mama, mwaka wa 2025 mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN yalichezwa hapa Kenya usiku, na sisi wote tuliyatazama. Mwaka wa 2024 wasichana wa Junior Starlets walifika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na hakuna timu yoyote ya Kenya iliyowahi kufika huko kabla yao. Hao walianzia kwenye viwanja kama hiki. Sisi tunacheza na taa ya pikipiki." Naye akapigiwa makofi, na nusu ya walioshangilia walikuwa wale wale waliomshangilia mama.

Nilipokuwa nikiandika nilihisi kwamba tunabishana kuhusu mfuko ambao si huo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Shule za msingi na za sekondari ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, taa za barabarani, na pia viwanja na shughuli za michezo. Dawati la kidato cha tatu si kazi ya kaunti. Mwenye kulitafuta aende wizarani, au kwa hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ile NG-CDF, ambayo imejenga madarasa mengi ya nchi hii tangu 2003. Hazina hiyo nayo ina mpaka wake: sheria ya 2015 inairuhusu kutumia kwa michezo kiasi kisichozidi asilimia 2 ya mgao wa mwaka, na Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitamka sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba, jambo lililoingiza wasiwasi katika kila mpango mpya.

Kwa hiyo tukizikataa taa, fedha hizo hazigeuki kuwa madawati. Mama wa sukuma wiki hakudanganya kuhusu madawati. Nimeingia madarasa hayo na ni kweli watoto wamebanana. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kumweleza kwamba malalamiko yake yana mlango mwingine, na hilo si kosa lake.

Mpinzani wa kweli wa zile taa alijitokeza saa ya pili, naye alizungumza dakika tatu tu. Ni muuguzi mstaafu. Alisema zahanati ya wadi hufungwa jioni, na mama akishikwa na uchungu saa mbili usiku hupandishwa pikipiki kwenda mjini. Mtaro ulio nyuma ya soko hufurika kila masika. "Hizo ni kazi za kaunti," alisema. "Nataka mnipangie. Taa ni ya ngapi?" Hakuna aliyempigia makofi. Ukumbi ulinyamaza. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa swali bora kuliko yote ya siku ile. Ibara ya 43 ya Katiba inataja afya kwa jina, na uwanja wa mpira haumo. Anayeutetea uwanja, na mimi ni mmoja wao, anapaswa kulijibu swali hilo akimtazama muuguzi usoni.

Jibu langu mimi limefungamana na saa. Sisi tuko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima. Nakuru jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu mwezi wa Novemba na saa moja kasoro kidogo mwezi wa Februari. Hatuna majira ambayo giza huingia watoto wakiwa bado darasani, kama ilivyo katika nchi za kaskazini ambako taa za uwanja wa shule ni jambo la kawaida. Zaidi ya hayo, Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimepanga siku ya shule: masomo saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na moja kasoro robo. Muda huo wote jua liko juu. Mwanafunzi wa shule ya kutwa akicheza kwa saa aliyowekewa na sheria hahitaji taa hata moja.

Nilimuuliza mwalimu wa michezo wa shule hiyo, tukiwa wawili nje ya ukumbi, kwa nini basi yeye alikuwa mstari wa mbele kuzitaka. Alisita, kisha akanieleza ukweli. Saa ya michezo huliwa na masomo ya ziada. Timu hupata uwanja saa kumi na moja na nusu, na kabla ya kumaliza mazoezi giza limeshaingia. Akaongeza kwamba tangu Januari 2026 sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, na shule isiyo na uwanja wa maana itauona mkondo huo ukienda kwa wengine. Hoja ya pili naikubali kabisa. Ya kwanza inanikera, kwa kuwa nami niliwahi kuporwa saa hiyo nikiwa kazini, wiki baada ya wiki, nikanyamaza. Kuirudisha saa ya michezo mahali pake hakuhitaji mlingoti wala shilingi. Kunahitaji mwalimu mkuu akatae.

Ukishaondoa hoja ya wanafunzi, anabaki mtu ambaye taa hizi ni zake hasa: mtu mzima anayefanya kazi mpaka jua linazama. Fundi wa jua kali. Kondakta wa matatu. Wasichana wanaosuka nywele karibu na steji hadi saa moja. Kwa hao kaunti ina wajibu, maana viwanja vya michezo ni kazi yake kwa Katiba. Hivyo mradi huu ni uwanja wa umma uliosimama juu ya ardhi ya shule, na shule ni kazi ya serikali nyingine. Kaunti haiwezi kuingia tu na winchi na nguzo. Kazi za ngazi moja zikibebwa na nyingine panahitajika makubaliano ya maandishi chini ya Ibara ya 187, na tulikwishaonja ugumu wake Januari 2025, pale Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti zisimamishe basari za sekondari na vyuo hadi ziwe na makubaliano hayo. Suala hilo likaishia mahakamani, na wazazi wakabaki wakihesabu karo. Kwenye ule mstari wa jedwali letu, makubaliano hayakutajwa.

Halafu kuna tokeni, yaani stima inayolipiwa kabla ya kutumika. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo miradi ya taa hufia.

Sote tunaijua mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wenye taa kubwa juu ambao mitaa mingi imewekewa. Tunajua pia ilivyo ikizima: nguzo inabaki, watoto wanaigeuza goli, na hakuna ajuaye ni nani wa kuuliza. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Mlingoti ni maendeleo: una picha, una siku ya kuzinduliwa, una mwanakandarasi. Stima ya kuuwasha ni matumizi ya kawaida, na inagombania fungu moja na mishahara na mafuta ya magari. Kwa hiyo ni rahisi kuununua mlingoti kuliko kuulisha. Sijawahi kuona bango la uzinduzi lenye picha ya tokeni.

Nilikaa mezani nikapiga hesabu. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Wetu ni mdogo kidogo. Kiwango cha Ulaya cha taa za michezo, EN 12193, kinaweka laksi (kipimo cha mwanga unaofika uwanjani) 75 kwa mazoezi na mechi za chini, 200 kwa ligi za kati, na 500 kwa mashindano makubwa. Kwa taa za LED, laksi 200 kwenye uwanja kamili zinataka kilowati 23 hivi; laksi 75 zinataka kama 9. Chukua saa mbili na nusu kwa usiku, siku 20 kwa mwezi. Hiyo ni uniti 1,150 kwa ule mwanga mkali na 450 kwa ule wa mazoezi. Tukikadiria shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi, ni shilingi 34,500 dhidi ya 13,500 kila mwezi. Kwa mwaka, 414,000 dhidi ya 162,000. Bado hujamlipa mlinzi, wala fundi wa kupanda kubadilisha taa iliyokufa.

Shule ya kutwa haiwezi kubeba shilingi 414,000 bila kuzisukuma kwa wazazi. Nilipompelekea mwenyekiti wa boda boda hesabu hiyo, alichukua simu akagawanya. "Mwalimu, hii ya 13,500, timu kumi zikitoa elfu moja na mia tatu na hamsini kila moja, si imeisha?" Imeisha, ndiyo. Timu za mtaani hulipa zaidi ya hapo kukodi viwanja vya nyasi bandia. Na kwa vijana wa boda boda waliozoea taa nne za pikipiki, laksi 75 ni mchana kweupe. Wanaotaka 200 waseme ni ligi gani wanaiandalia.

Mambo ya ufundi niliyaacha kwa wenye ujuzi, ila mawili niliyaandika kwa kalamu nyekundu. Huku magharibi mwa mji udongo ni wa majivu ya volkano, na mvua kubwa huwa inafungua nyufa na mashimo yanayomeza barabara. Mlingoti hauchimbiwi msingi kabla ardhi haijapimwa. Na mlingoti mrefu wa chuma kando ya kiwanja unataka kinga ya radi yenye waya ulioshuka hadi ardhini ipasavyo, maana mvua zetu za alasiri huja na ngurumo huku watoto wakiwa uwanjani.

Wasichana hawakusema neno ukumbini. Hilo lilinisumbua usiku ule, nikaenda kuwatafuta Jumatatu. Kuna timu ya wanawake ya mtaa, wengi wao wasusi na wauza mboga, wanaofanya mazoezi Jumapili asubuhi peke yake. Nahodha wao aliniambia jambo ambalo halikuwamo kwenye daftari langu. "Uwanja ni wa wavulana tangu saa kumi na moja. Mkiweka taa, utakuwa wao mpaka saa tatu. Kwetu sisi taa bila ratiba ni giza lile lile." Nikamuuliza kuhusu njia ya kurudi nyumbani. Akanionyesha kichochoro cha nyuma ya ukuta wa shule, takriban hatua mia mbili, kisicho na taa hata moja. Taa za barabarani ni kazi ya kaunti, hilo halina utata wowote kisheria, na hakuna aliyeziomba. Mabinti wangemaliza mechi kwenye mwanga kisha wajitose gizani.

Majirani wa ukuta wa kusini walikuwa na hofu ya kelele na ya mwanga kuingia vyumbani, na mzazi mmoja mwenye binti wa kidato cha nne aliuliza atasomaje. Nawaelewa. Taa zikielekezwa chini na kuzimwa saa tatu, shida inapungua sana. Zikiwekwa kwenye milingoti mifupi ili kuokoa fedha, mwanga utawapiga machoni.

Mzee mmoja alikuwa na hofu nyingine, naye alikuja na mfano. Alitukumbusha Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipopigwa vitoa machozi wakitetea uwanja wao uliozungushiwa ukuta. "Shule yetu ina hatimiliki?" aliuliza. Mwalimu mkuu alijibu kwamba bado inashughulikiwa. Mzee akaketi. Mamilioni ya umma hayapaswi kusimikwa kwenye ardhi isiyo na karatasi. Hapo sina la kujadili.

Na bado hatujafika kwenye jambo lililokaribia kuuvunja mpango wote: geti. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba anaunga mkono taa, lakini geti litafungwa saa kumi na mbili kama kawaida. Wengi walikasirika, wakaona anataka zawadi bila wageni. Mimi nilimfuata ofisini siku nyingine. Alinionyesha mabomba mawili yaliyovunjwa na kioo cha maabara, vyote baada ya mashindano ya likizo ambayo shule iliyakubali kwa moyo mweupe. "Asubuhi ni mimi ninayeokota chupa, kaka," alisema. "Mtoto akijikata, mzazi anakuja kwangu. Nani ataniandikia kwamba saa ya usiku si yangu?"

Nilitoka pale nikiwa nimebadilisha mawazo kuhusu mtu yule, na kuhusu kisa chote. Milingoti minne, geti likiwa limefungwa saa kumi na mbili, ni taa za kuwaangazia popo. Geti lililo wazi pasipo mtu wa kujibu ni mabomba mengine kuvunjika. Kitu ambacho tungepaswa kuanza nacho mwezi wa Septemba, wakati mpango wa maendeleo wa mwaka unapowasilishwa katika bunge la kaunti, ni karatasi ya kusema nani anamiliki saa mbili na nusu za usiku.

Basi tuliandika karatasi hiyo sisi wenyewe: mimi, mwenyekiti wa boda boda, nahodha wa timu ya wanawake, na mjumbe mmoja wa bodi ya shule. Kurasa mbili. Taa za mazoezi, laksi 75, na nguzo ziwe na nafasi ya kuongezea baadaye. Mita ya tokeni iwe peke yake, isiunganishwe na ya shule. Geti la pembeni litobolewe upande wa barabara, na uzio utenganishe uwanja na madarasa, ili anayeingia usiku asifike kwenye mabomba wala maabara. Jumanne na Alhamisi ni za timu za wanawake, na zikikosa kufika uwanja unabaki umefungwa, haukopeshwi. Kipengele hiki nahodha alikisimamia mpaka tukachoka kumbishia. Taa tatu za barabarani kwenye kichochoro zitangulie mlingoti wa kwanza. Saa ya michezo ya alasiri irudishwe kwa wanafunzi. Na kwa ajili ya muuguzi tuliandika kwamba, ikiwa fungu la wadi halitoshi, zahanati kukesha na mtaro wa soko vitangulie, taa zisubiri mwaka unaofuata. Mwenyekiti wa boda boda aliisoma sentensi hiyo mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Tuliipeleka kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wetu katika bunge la kaunti kabla ya makadirio ya mwisho wa Aprili. Mstari wa taa haukufutwa. Umegawanywa: mwaka huu kupima ardhi, uzio na taa za kichochoro, milingoti imesogezwa mbele hadi hatimiliki ipatikane na makubaliano ya serikali hizo mbili yatiwe sahihi. Vijana wengine wamenilaumu kwa hilo, na jioni ninapopita uwanjani nasikia.

Mwalimu mkuu alirudisha kurasa zetu mbili wiki iliyopita, sahihi yake ikiwa chini ya kila kipengele isipokuwa kimoja. Hapo kuna nafasi mbili zilizoachwa wazi: nambari ya mita, ambayo bado haipo, na jina la atakayeshika ufunguo wa geti la pembeni. Kwa penseli, kando ya nafasi ya pili, ameandika jina la yule mama wa sukuma wiki na alama ya kuuliza. Kesho asubuhi naenda kumuuliza.